Yowe la Buldoza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimeajiriwa kama msaidizi wa opereta katika yadi ya mkandarasi wa barabara pale Mugumu. Nimemaliza kidato cha nne, nimevaa suruali ya kaka yangu, nimeifunga kamba kiunoni. Msimamizi wa Yadi akanitazama kuanzia raba hadi kilemba, akaingia stoo, akatoka na ufagio wa chelewa.

"Anza pale chini ya greda."

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujifunza kuendesha greda, sikuja kulifagilia."

"Marahaba. Fagia."

Nikafagia. Nilifagia chini ya kila mtambo wa yadi ile mpaka nikajua upi unavuja wapi. Oili nyeusi ni ya injini. Ile nyepesi inayoteleza vidoleni ni ya haidroliki, yaani mafuta yanayosukuma bomba za kunyanyua bledi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, jua maji yameingia na mwenye mtambo atalia. Msimamizi alidhani ananidhalilisha. Hakujua ananisomesha bure.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi sina mvi. Nina mtoto mgongoni na mwingine anayekimbiza kuku, na nimestaafu kuajiriwa na mtu yeyote. Sisubiri mvi, maana habari ya buldoza letu inasimuliwa vilabuni kwa uongo, na waongo wenyewe wengine ni wa ukoo wetu.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Opereta Mkuu, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na kampuni na hakuwahi kuzoea joto letu. Siku moja msaidizi wake hakufika. Akaniita, "Wewe Mkurya mwenye hasira, panda." Nikapanda. Alinifundisha buldoza kwa mwaka na zaidi. Bledi, lile bamba kubwa la mbele, hailazimishwi. Unaipa udongo kidogo kidogo kama unavyomlisha mtoto uji. Cheni, ile minyororo ya miguu, hukazwa kwa kipimo. Ukiilegeza itachomoka, ukiikaza sana itajila yenyewe. Nikikosea hakunitukana. Alizima injini tu, akashuka, akawasha sigara, akaniacha juu pale na kosa langu.

Kituo cha pili kilikuwa upande wa Tarime, karibu na Genkuru, kwa mkandarasi mwingine aliyesomba vifusi. Huko bosi wangu alikuwa Meneja wa Mitambo. Nilipata mimba ya mtoto wa kwanza nikiwa kwenye usukani wa buldoza kubwa kuliko nyumba ya mwalimu. Tumbo lilipoonekana akaniita ofisini.

"Mama, mtambo unatikisika. Utazaa mtoto anayetetemeka."

"Mama yangu alinibeba akilima kwa jembe la mkono, bosi. Naonekana natetemeka?"

"Nenda nyumbani, ukijifungua utarudi."

Nilijifungua, nikarudi. Kiti changu kilikuwa na mtu. Nikaambiwa nafasi iliyopo ni ya usafi. Ufagio tena! Niliuacha umeegemea mlango wake, nikatoka, na hiyo ndiyo siku niliyostaafu. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani ya kuniaga.

Sasa nieleze nyumba yangu, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi nimeolewa na mwanamke. Wa mbali msishangae. Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto anaozaa msichana huyo, hata baba awe nani, wakawa wa nyumba yake. Mjane huyo namwita Mama. Alinitolea ng'ombe mbele ya mashahidi, na tangu hapo hakuna mwanaume anayeweza kuniambia toka.

Lakini kutoa shamba wanaweza kujaribu. Shamba la Mama lipo upande wa Matongo, kwenye mteremko mzuri wa udongo mweusi, nalo limejaa maduara. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo wa dhahabu. Wakati marehemu mume wake anaumwa, watu walichimba humo wapendavyo, hawakupata kitu, wakahama bila kufukia. Nyasi zikaota juu ya midomo ya mashimo. Tulipopeleka jembe la kukokotwa, maksai mmoja alizama akavunjika mguu, tukamchinja pale pale. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulima.

Mzee Mwita, mdogo wa marehemu, akaona mwanya wake. Akaja nyumbani, akanywa togwa letu, akafuta mdomo, akasema, "Shemeji, ardhi isiyolimwa hurudi kwenye ukoo. Mvua hizi zikipita bila mbegu, nitalichukua nilifanye malisho." Hakuwa anatania. Alikuwa na wazee wa kumuunga mkono, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Mzee Mwita alipoondoka, Mama aliniuliza, "Lile dude ulilokuwa unaendesha, linaweza kuziba mashimo?"

"Linaweza, Mama. Na kung'oa visiki, na kutuchimbia lambo la kunyweshea."

"Linanunuliwa kwa nini?"

"Kwa pesa nyingi."

"Nimekuuliza linanunuliwa kwa nini. Sisi tuna ng'ombe."

Mpya lisingewezekana hata tungeuza ng'ombe wa kata nzima. Lakini nililijua moja. Nje kidogo ya Mugumu, nyuma ya nyumba ya mkandarasi mstaafu, lilisimama buldoza la zamani kabisa, la enzi ambazo bledi haikunyanyuliwa kwa haidroliki bali kwa waya wa chuma. Nyuma yake kuna winchi, yaani pipa la kuzungushia waya. Waya unapita juu ya kichwa cha dereva kwenye mapuli, vile vigurudumu vya kupitishia waya, na kushuka mbele hadi kwenye bledi. Vijana wa siku hizi wakiliona wanacheka, wanadhani ni mtambo wa kuanikia nguo. Mimi nililipenda kwa sababu waya ukikatika unaununua Tarime mjini, lakini pampu ya haidroliki ikifa unaanza kupiga simu Dar es Salaam.

Mkitaka kununua mtambo wa namna hii, msianze na rangi. Lala chini uangalie sproketi, lile gurudumu lenye meno linalovuta cheni. Meno yakiwa yamechongoka kama ya mamba, ondoka. Haya yalikuwa butu vizuri. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, safi. Kanga walikuwa wametaga chini ya kiti. Mkandarasi mstaafu alinifuata na fimbo yake akisema, "Mume wako akija tutaongea bei."

"Mume wangu yule pale," nikamwonyesha Mama aliyeketi kwenye gogo na kiroba cha ugoro.

Mzee wa watu akatazama, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi ngoja nimwonyeshe mume wako linavyoamka."

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Injini kubwa ya dizeli ya zamani haina staata ya betri. Ubavuni imefungwa injini ndogo ya petroli, sisi tunaiita injini mtoto. Unaivuta kwa kamba, inawaka, inapasha joto, halafu unaishikiza kwa wenzo ili izungushe ile kubwa mpaka iwake yenyewe. Mtoto anamwamsha mama. Bila mtoto, mama ni jiwe.

Ikavutwa, ikakohoa, ikaimba. Kisha ile kubwa ikatoa moshi mweusi na kanga wakatawanyika. Mama akaweka ugoro puani, akapiga chafya, akasema, "Wauzeni wale kumi wa zizi la juu." Ndivyo ng'ombe wetu walivyogeuka chuma.

Buldoza haliendeshwi barabarani. Cheni zake zinakwangua lami na changarawe, na utalipishwa. Linabebwa na lobedi, trela la chini lenye magurudumu mengi. Tulikodi lobedi ya dereva mmoja Mjaluo wa Shirati, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nililipandisha mwenyewe kwenye ngazi za trela, mtoto nimemwachia Mama mpaka nimalize, dereva akinielekeza kwa vidole: kushoto kidogo, kidogo, haya njoo. Tukafunga minyororo kwenye pembe nne, tukaondoka Mugumu tumeshangiliwa kama harusi. Tukavuka Mto Mara salama. Kila kijiji watoto walikimbia wakipiga kelele, "Katapila! Katapila!"

Karibu tufike, barabara ya kijiji inapita juu ya kijito kwa kalvati, bomba la saruji lililofukiwa. Dereva akashuka, akalipiga teke, akanitazama.

"Nyathi, mtoto wa watu, hii kitu haiwezi. Nikipita hapa wewe utakuwa na buldoza na mimi nitakuwa na kaburi."

"Nishushie hapa. Nitapita majini kwa miguu yake."

"Wewe mwanamke ni kichwa ngumu."

"Ndiyo. Shusha."

Tukashusha. Jua lilikuwa linazama, na kivuko nisichokipima kwa mti siwezi kuingiza tani zile. Tope likikushika, linakushika mpaka mafuriko yakufuate. Nikaamua tuvuke asubuhi. Mama alikuwa ametangulia nyumbani na kutuma vijana wanne wa ukoo walinde, na maksai wanne wa kukokota mkokoteni wenye pipa la dizeli. Nikawaambia vijana mara mbili, nikiwa nimeshika kiuno, "Lindeni buldoza." Wakaitikia. Nikaenda kulala kwenye boma la jirani na mwanangu.

Alfajiri nilirudi. Maksai walikuwa wazima, wamefungwa katikati ya duara la moto, na vijana wamewazunguka na rungu mapajani, macho mekundu kwa kukesha kweli kweli. Wote wanne walikuwa wameligeuzia buldoza mgongo. Injini mtoto haikuwepo. Boliti zimepangwa vizuri juu ya cheni.

"Mmelinda nini?" nikauliza.

Mkubwa wao akanijibu bila aibu yoyote, "Ng'ombe wote wapo, shemeji."

Siwalaumu sana, ndivyo tulivyolelewa wote. Mkurya akiambiwa "linda usiku" sikio lake linasikia ng'ombe. Nani aibe kitu kisicholia? Lakini chini kwenye tope niliona alama mbili za magurudumu ya mkokoteni na kwato ndogo za punda, zinashuka kijitoni, zinapanda ng'ambo. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa. Maji yakipanda, buldoza letu linabaki pale kingoni, shamba linabaki na mashimo, na Mzee Mwita anapeleka ndama wake.

Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo linasemwa vilabuni. Nilipiga yowe la ng'ombe.

Kwetu kila yowe lina sauti yake. La moto, la msiba, la ng'ombe walioibiwa. La ng'ombe likipigwa, kila mwanaume aliye na miguu hutoka na silaha, na nyayo hufuatwa. Nyayo zikiingia kijiji fulani, kijiji hicho kionyeshe zilipotoka tena, au kilipe. Na anayepiga yowe hilo bila ng'ombe kuibiwa hutozwa fahali, maana amewakimbiza watu kama wajinga.

Walikuja. Milima ile ilitapika wanaume wenye pinde na mapanga, wengine wamevaa shati tu na taulo. Wakafika wakihema, wakahesabu maksai.

"Ng'ombe gani ameibiwa?"

"Huyu," nikaonyesha buldoza. "Wamemtoa moyo."

Sikumbuki nimewahi kutukanwa hivyo. Mmoja akasema mwanamke akishapanda mitambo hurukwa na akili. Mzee Mwita, aliyekuja na upinde wa baba yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nilijua. Sasa mtalipa fahali, na shamba pia nalichukua."

Wazee wakakaa pale pale kwenye nyasi kufanya ritongo, baraza lao. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye koti la suti na miguu mitupu. Nilimwamkia shikamoo kwa magoti, kisha nikasimama. Magoti ni ya salamu. Kesi ninaisema nimesimama.

"Sheria ya nyayo ni ya ng'ombe," akasema. "Chuma kinapelekwa polisi."

"Polisi nitakwenda, baba. Wakifika, mvua itakuwa imefika kabla yao. Nyayo ziko hapa sasa hivi, na ninyi ndio mnaojua kuzifuata."

"Chuma si ng'ombe, mwanangu."

"Kilinunuliwa kwa ng'ombe wa nyumba hii."

"Hata sufuria hununuliwa kwa ng'ombe!" akadakia Mzee Mwita, na watu wakacheka.

Hapo damu ilinichemka. Mwanangu alikuwa analia mgongoni, nikamvuta mbele nikampa ziwa, nikaongea hivyo hivyo ananyonya.

"Wazee wangu, mimi ni mke wa nani?"

Mama alikuwa amefika na fimbo yake, nikamnyooshea kidole.

"Mimi ni mke wa mwanamke huyu. Nani alimfanya yeye awe mume? Si ng'ombe? Mlikaa mkawahesabu, mkanywa pombe, mkasema imekwisha, ni ndoa. Mtoto huyu ninayemnyonyesha mnamwita wa ukoo wa marehemu, na marehemu alikufa kabla sijavunja ungo. Kwa nini ni wake? Kwa ng'ombe. Ng'ombe wenu wanaweza kumfanya mwanamke mume, wanaweza kumfanya maiti baba, halafu leo wameshindwa kukifanya chuma kiwe ng'ombe? Kama wameshindwa, basi hata mimi sijaolewa, na huyu mtoto si wenu. Nitamchukua niondoke naye. Semeni."

Mwenyekiti alimtazama Mama.

"Ng'ombe waliouzwa kununua kitu hiki walikuwa wa nani?"

"Wa nyumba yangu," akasema Mama.

"Na waliomwoa huyu anayetupigia kelele?"

"Zizi lile lile."

Mzee akasugua nyayo zake zilizopasuka, akaangalia mawingu, akainuka. "Fuateni nyayo."

Sikitaji kijiji zilikoingia, walilipa, yamekwisha. Tulipofika, wazee wao walitupokea kwa kejeli. "Siku hizi mnachunga chuma? Kinakula majani gani?" Mwenyekiti wetu hakubishana. Alichomeka fimbo yake chini, pale alama za mkokoteni zilipoingilia kijijini kwao, akasema, "Zimeingia. Zitoeni." Maneno hayo kila mtu huku anayajua tangu utotoni, na hakuna kejeli inayoyashinda. Wakazunguka kijiji chao kutafuta alama za kutoka. Hazikuwepo.

Injini mtoto tuliikuta nyuma ya nyumba moja, imeshafungwa kwenye fremu ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mkanda unasubiri kuvalishwa. Mwenye karasha aliapa kwamba ameinunua kihalali alfajiri hiyo kutoka kwa watu asiowajua. Sikutaka kesi yake. Nilitaka boliti zangu. Wazee wao wakatoa mtamba wa fidia kama sheria inavyosema, na punda yule yule aliyeikokota akairudisha.

Matone yalianza ninafunga boliti ya mwisho. Nikazungusha kamba, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena mpaka bega likalia. Mara ya tatu mtoto akakohoa, akaimba. Nikamwacha apate joto ingawa kila mtu alinipigia kelele niharakishe. Ukimharakisha hana nguvu ya kumwamsha mama yake. Kisha nikasukuma wenzo. Ile kubwa ikazunguka, ikanguruma, ikatoa moshi mweusi juu ya vichwa vya wazee wote. Nikanyanyua bledi kwa waya, nikaingia majini. Maji yalifika juu ya rola, yale magurudumu madogo yanayobeba cheni, na nilihisi mchanga unateleza chini. Sikusimama. Nilipopanda ng'ambo nilimsikia mtu akipiga vigelegele, na nilipogeuka alikuwa mwenyekiti wa ritongo.

Tuliziba maduara yote kabla ya mvua kubwa. Nilisukuma udongo, nikaushindilia kwa cheni, nikarudi, nikasukuma. Mahindi na mtama vilipandwa, vikaota, na mimi nikawa nakodiwa na majirani wenye mashimo kama yetu. Kiti ni changu. Mtoto akilia nazima, nanyonyesha, nawasha. Hakuna meneja wa kuniuliza kama anatetemeka.

Ninyi mnaoanza kazi, mtapewa ufagio. Fagieni, lakini tazameni juu mnapofagia. Na siku mkiambiwa mrudi kwenye ufagio baada ya kuwa mmeshika usukani, acheni wao waushike. Sioni haya kusema hivyo. Sina mpango wa kupoa.

Baada ya mavuno Mzee Mwita alikuja tena. Alikunywa togwa, akafuta mdomo. Mwanawe anataka kuoa, akasema, na ng'ombe hawamtoshi. Na kwa kuwa ritongo liliamua mbele ya watu wote kwamba buldoza ni ng'ombe, na yeye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, amekuja kulihesabu pamoja na wengine.

Mama aliniangalia. Nilikwenda jikoni, nikachukua kibuyu cha maziwa, nikakisuuza, nikakipeleka hadi pale buldoza lilipoegeshwa, nikakiweka chini ya injini.

"Karibu, mzee," nikamwambia. "Sisi hatukatai uamuzi wa wazee. Kamua kwanza, tuone kama anakujua."